Tundu linapokataa: karenaji ya pikipiki ya safari baada ya kuanguka

Fundi alishika msumari kwa koleo, akauzamisha kwenye makaa ya mbabula mpaka ukawa mwekundu, kisha akaniangalia. "Yaya, haka katundu kanakatala. Tutoboe kengine."

Nikamwambia atoboe. Kosa hilo lilinila kiangazi kizima.

Pikipiki yenyewe ni Honda ST1100 ya mwaka 1994, ile inayojulikana Ulaya kwa jina la Pan European. Ina silinda nne za V, ujazo wa 1084, shafti badala ya cheni, na tangi la lita 28 lililofichwa chini ya kiti. Ikijaa mafuta inapita kilo 300. Niliilaza upande wa kushoto kwenye barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, huku kwetu Kongo, mwendo haukufika hata 40, nilipokuwa natoka lami kwenda kwa wauza makaa na kukanyaga changarawe iliyomwagwa na lori la madini. Mimi nilichubuka goti. Yenyewe ilivunjika karenaji (yale mabamba ya plastiki yanayoifunika) ya chini kushoto, ikapasuka ya juu, retro, kile kioo cha kutazamia nyuma, ikaenda, kioo cha mbele kikapata ufa. Nikajihesabia bahati: plastiki tu.

Haikuwa plastiki tu. Plastiki ya pikipiki kama hizi haijibebi. Imening'inizwa kwenye kiunzi cha chuma kilichofungwa mbele ya shingo ya fremu, na kiunzi hicho hicho ndicho kinachobeba fara (taa ya mbele), saa za dashibodi na retro mbili. Retro ikigonga ardhi, kilo 300 zinapita kwenye kiunzi kabla hazijafika popote. Plastiki inapinda, inarudi au inavunjika. Chuma kinapinda na kubaki hapo, kimya, kimefunikwa. Kwa hiyo tundu linapokataa, mara nyingi tundu ndilo lililo mahali pake na chuma ndicho kilichohama. Ukitoboa kipya umemnyamazisha shahidi.

Nitaandika kwa kufuata dalili, maana ndivyo mtu anavyokutana na matatizo haya. Mfano ni Honda yangu, lakini mwenye BMW ya RT, Yamaha FJR au Kawasaki GTR atajikuta humu pia.

Matundu hayalingani

Hii ndiyo dalili kubwa, ndiyo maana nitakaa nayo.

Kwanza jua kwamba matundu ya karenaji yametengenezwa makubwa kuliko skrubu kwa makusudi. Ndani ya tundu kuna mpira, ndani ya mpira kuna bomba fupi la chuma, na skrubu inapita ndani ya bomba. Plastiki inatakiwa icheze kidogo, maana inatanuka kwa joto. Tofauti ya milimita moja au mbili si ugonjwa. Utaimaliza kwa kuanzisha skrubu zote kwa vidole, mizunguko miwili mitatu kila moja, bila kukaza hata moja, halafu unasukuma kipande kwa kiganja mpaka kikae, ndipo unakaza kuanzia katikati kwenda pembeni. Anayekaza ya kwanza mpaka mwisho kabla hajaanzisha ya pili atalaumu plastiki bure.

Ikipita milimita nne, tano, acha. Vua kila kitu mpaka kiunzi kionekane, kisha chukua futi ya kupimia. Tafuta nukta ya katikati isiyoweza kuhama, mimi natumia katikati ya nati kubwa ya shingo ya usukani. Pima kutoka hapo hadi tundu la retro ya kulia, halafu ya kushoto. Pima na mshazari: tundu la juu kulia hadi la chini kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo vinatakiwa vifanane. Cha kwangu kilitofautiana milimita 9. Kwa macho kilikuwa kimenyooka kabisa. Nilikuwa nimekiangalia miezi miwili bila kukiona.

Kukinyoosha, kitoe kwenye pikipiki. Nimeona watu wakikivuta kwa bomba kikiwa bado kimefungwa, na nguvu yote inaishia kwenye masikio ya fremu yaliyokishika. Sikio la fremu likipasuka umegeuza tatizo la kiunzi kuwa tatizo la pikipiki. Kibane kwenye jiriwa, vuta kidogo, pima, vuta tena. Chuma kinarudi nyuma kidogo kila mara, kwa hiyo utakipitisha mahali pake kwa kiasi kile kile. Kagua viungo vilivyochomelewa: rangi iliyokunjamana au kupasuka kama magamba inaonyesha chuma cha chini kimevutika, na penye ufa pachomelewe upya kabla ya kufungwa.

Kama kiunzi kiko sawa na matundu bado yanakataa, angalia vipande vyenyewe. Karenaji iliyovunjika na kuunganishwa vibaya inakuwa fupi au ndefu. Hapa katoni inasaidia kuliko kompyuta: laza katoni kwenye kipande kizima cha upande wa pili, chora ukingo na matundu, geuza katoni, weka kwenye kile kilichoungwa. Utaona mara moja ni wapi kimejikunja.

Na jambo la mji wetu. Lubumbashi asubuhi ya Juni si mahali pa kulazimisha plastiki ya miaka 30. Baridi inaifanya iwe kama biskuti. Vile vishikizo vidogo vinavyoingia kwa kubanwa vinakatika kwa sauti moja tu, tak, na hakuna duka mtaa wa Kamalondo wala mtaa wa Kenya litakalokuuzia kingine. Anika vipande juani mpaka saa tano, ndipo uanze kazi.

Kabla hujagusa plastiki: je, pikipiki imenyooka?

Ningepaswa kuanza na hili, lakini hata mimi sikuanza nalo.

Kaa kitini, elekeza gurudumu la mbele mbele kabisa, angalia gidoni, yaani mikono ya usukani. Likielekea upande mmoja, mara nyingi foki zimejisokota ndani ya vishikizo vyake, hazijapinda. Inatibika: legeza ekseli na bolti za kishikizo cha chini pamoja na za gadbuu (kile kifuniko cha juu ya tairi), banisha gurudumu kwa magoti, rudisha gidoni, bonyeza mbele mara kadhaa, kaza kuanzia juu kwenda chini. Ikirudi ilivyokuwa, toa mirija ya foki uibiringishe juu ya kioo cha dirisha. Mrija uliopinda unaruka ruka, ulionyooka unakwenda kimya.

Halafu kamba. Funga kamba nyuma ya tairi la nyuma, ivute mbele pande zote mbili mpaka iguse kingo za tairi hilo, uangalie nafasi iliyobaki kila upande wa tairi la mbele. Zikiwa sawa, endelea. Zisipokuwa sawa hata baada ya kunyoosha foki, sahau rangi na plastiki kwa sasa, hiyo ni kazi ya fremu na mtu anayeijua.

Angalia pia kizuizi cha usukani, kile kibanzi cha chuma kinachosimamisha gidoni lisizidi. Kikivunjika, siku moja gidoni litagonga karenaji yako mpya au kubana nyaya.

Inagoma kuwaka tangu ilipoanguka

Baadhi ya pikipiki za safari za miaka ya tisini zina kihisi kinachozima injini zikilala. Zima ufunguo, subiri, washa tena. Mara nyingi hiyo tu ndiyo dawa. Kama uliivua mbele ukakirudisha kihisi hicho juu chini, itaamini daima kwamba imelala. Kina mshale au alama ya upande wa juu, iheshimu.

Halafu swichi nyekundu ya kuzimia kwenye gidoni, ambayo mtu huigusa wakati wa kuinyanyua akasahau. Halafu swichi ya stendi ya pembeni, iliyo upande ule ule ulioangukia.

Ikiwa ni ya kabureta na ililala kwa muda, usilazimishe stata ikisikika imegonga ukuta. Petroli au oili inaweza kuwa imejaa kwenye silinda. Toa plagi, zungusha bila plagi, iteme, kisha rudisha. Moshi wa bluu wa dakika chache baada ya hapo usikutishe.

Plastiki imepasuka: iunganishwe kwa nini?

Kila fundi ana gundi yake anayoiapia. Shida ni kwamba gundi haijui inashika nini mpaka wewe ujue. Geuza kipande, tafuta maandishi madogo yaliyopigwa muhuri kwenye plastiki, yanayotaja aina yake: >ABS<, >PP<, >PA<, >PC<. Karenaji nyingi za Kijapani za umri huu ni ABS. Gadbuu na vifuniko vya ndani, vile vyeusi visivyopakwa rangi, mara nyingi ni PP.

Kama hakuna muhuri, kata kipande kidogo cha nyuma ukitumbukize kwenye kikombe cha maji. PP inaelea, ABS inazama. Au dondosha asetoni upande usioonekana: ABS inanata kidoleni baada ya sekunde chache, PP haijali. Ukiona nyuzi nyuzi kwenye mpasuko, hiyo ni fiberglasi, ni dunia nyingine, ya rezini na kitambaa.

Kwa ABS dawa ninayoiamini ni ABS yenyewe. Kusanya vipande vilivyovunjika visivyo na kazi, vikwangue rangi, vikate vidogo kama mchele, viweke kwenye chupa ya kioo na asetoni kiasi cha kufunika. Usitumie kikombe cha plastiki, asubuhi utakuta kimeungana na mchuzi. Kesho yake koroga mpaka iwe kama asali. Kama huna vipande vya kutosha, vile vitofali vya Lego vimetengenezwa kwa ABS tangu mwaka 1963, na kwenye marundo ya vitu vya watoto vinavyoshuka na mabelo ya nguo huwa havikosekani. Kipande kimoja cha karenaji yangu ndani kina rangi ya njano, na binti yangu anajua kwa nini.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Toboa kitundu cha milimita 2 au 3 mwishoni kabisa mwa ufa, ili usiendelee. Tundu hili ndilo pekee unaloruhusiwa kutoboa. Chonga ufa kwa nyuma uwe kama mfereji, usizidi nusu ya unene, maana plastiki yote ina milimita kama 3. Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, piga msasa wa 80 ili pawe pakwaruzo. Kisha uti wa mgongo: mwenye mashine ya pini za moto atumie pini za chuma kisichoshika kutu, moja kila sentimita moja na nusu, zikivuka ufa kwa mshazari tofauti tofauti. Sisi tusio na mashine tunakata chujio la chai la chuma kuwa ukanda, tunaulaza juu ya ufa na kuuzamisha kwa solda mpaka plastiki ipande kupitia matundu yake. Fanya nje, upepo ukupe mgongo, moshi wa ABS ni mbaya. Baada ya hapo ndipo paka ule mchuzi, tabaka jembamba, subiri, jingine. Asetoni inavyokauka mchuzi unanywea, kwa hiyo tabaka moja nene litaacha bonde. Mpe siku nzima kabla ya kupiga msasa, mbili zikiwezekana.

PP haitaki mchuzi wala gundi za kawaida. Inaungwa kwa moto na fito za PP, au inashonwa. Ndiyo, inashonwa, kama wale wanaoshona mabeseni wakipita avenyu kwa avenyu. Watu wanacheka. Mimi gadbuu yangu ya ndani ilishonwa kwa uzi wa nailoni na mzee mmoja wa Katuba, matundu mawili mawili, fundo kwa nyuma, na haijafunguka mpaka leo. Mahali pasipoonekana panahitaji nguvu, si urembo.

Gundi ya haraka ya kumwagia magadi ya keki nimeijaribu. Inakuwa jiwe ndani ya dakika, na kama jiwe haipindi. Inafaa kushikilia vipande visitembee wakati unatia pini. Kwa kazi ya kubeba mtikisiko, hapana.

Ufa umerudi, pale pale pembeni ya skrubu

Hapa ndipo msumari wa moto uliponifikisha. Wiki ya saba ufa ulianza kwenye tundu jipya ukaelekea juu kama mto kwenye ramani. Sababu zake ni nne, nazitaja kwa jinsi ninavyozikuta.

Kiunzi kimepinda na skrubu inaivuta plastiki mahali isipotaka kwenda. Hapo utaunga kila mwezi mpaka unyooshe chuma. Au lile bomba fupi la chuma ndani ya mpira limepotea, kwa hiyo skrubu inabana plastiki yenyewe. Tengeneza jingine kwa bomba la breki la zamani au la antena ya redio, refu kuliko unene wa plastiki kwa kiasi kidogo sana, na mpira uukate kwenye tyubu; kwado yeyote, yaani fundi wa matairi, atakupa mabaki bila kudai hata faranga moja. Au umekaza kwa nguvu za magurudumu. Skrubu za karenaji hukazwa kwa vidole vitatu kwenye mpini wa bisibisi, basi.

Sababu ya nne wengi hawaijui: ile gundi ya maji ya kuzuia nati zisilegee. Kwenye injini ni nzuri. Ikigusa ABS au kioo cha mbele inaila kimya kimya, na baada ya siku kadhaa nyufa ndogo zinatokea kuzunguka skrubu kama miguu ya buibui. Oili ya breki ina tabia hiyo hiyo, tena inavua na rangi. Petroli usioshee kioo cha mbele kamwe.

Inalia, inazizima, inapiga kelele

Ikilia kwenye mzunguko mmoja tu wa injini, tuseme elfu tatu na nusu, halafu inanyamaza, kuna kitu kinatetemeka kwa wimbo wa injini. Simamisha, mtu ashike gesi hapo hapo, wewe tembeza kiganja ukibonyeza kipande kimoja kimoja. Kikinyamaza umekipata. Kwangu ilikuwa ukingo wa karenaji ya chini ukigusana na ya juu. Ukanda wa tyubu wa upana wa kidole ulimaliza.

Ikilia kwa upepo tu, juu ya kilomita 90 kwa saa, tafuta kwenye kioo cha mbele na pale vipande vinapoachana nafasi. Nafasi isiyo sawa kulia na kushoto inakurudisha kwenye futi na kiunzi.

Inayumba kwenye kasi

Hapa sina mzaha. Kabla ya kulaumu karenaji angalia upepo wa matairi, halafu bearingi za shingo: nyanyua gurudumu la mbele, geuza gidoni polepole, na ukihisi linajikita katikati kama limeingia kwenye kishimo, bearingi zimepata makovu kwenye ajali. Badilisha. Halafu foki, kama ilivyosemwa juu. Mwisho ndipo plastiki: kipande cha chini kinachopepea, kioo kirefu kisicho chake, sanduku la nyuma lililojazwa kupita kiasi. Mtu anayekwenda Kolwezi na pikipiki inayoyumba ili "aiangalie njiani", kati ya malori yale ya tindikali, mimi simjui.

Mjini inachemka, barabarani ni nzima

Soketi ya feni haikurudishwa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndivyo ilivyo mara nyingi: unafunga vipande 12 kwa furaha na soketi inabaki inaning'inia. Iwashe kabla ya kufunga, isubiri mpaka feni izunguke kwa macho yako.

Kama feni inazunguka, angalia zile plastiki nyeusi za ndani zilizovunjika ukazitupa ukiona hazina sura. Nyingi ni njia za hewa. Zinalazimisha upepo upite kwenye rejeta, inayopoza maji ya injini, badala ya kuizunguka, na zinaelekeza joto mbali na magoti yako. Zisipopatikana, kata nyingine kwenye ndoo ya mafuta ya kupikia, hazitaonekana. Rejeta yenyewe, vumbi letu jekundu likichanganyika na matope linaikaanga kama matofali. Ioshe kwa maji ya mkono, ukitokea upande wa injini kwenda mbele, si kwa pampu ya nguvu inayolaza mapezi yake.

Fara inaangaza miembe, au inawatukana madereva

Fara imeshikwa na vishikizo vidogo vya duara vya plastiki, na ndivyo vya kwanza kukatika. Ikicheza ukiigusa, hakuna skrubu ya kurekebisha itakayosaidia kabla ya kuvipata hivyo.

Kuipima: ukuta, mita 10, wewe umekaa juu na mzigo wa kawaida. Weka alama ukutani kwenye urefu wa kati ya fara. Taa ndogo ikate sentimita 10 hadi 15 chini ya alama hiyo.

Ila kuna mtego wa hapa kwetu. Kongo tunapita kulia. Zambia ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa wanapita kushoto, na Tanzania, Afrika Kusini, Uingereza na Japani vilevile. Fara ya mtumba iliyotoka huko inanyanyua mwanga wake upande wa kushoto, yaani moja kwa moja machoni pa anayekuja. Utairekebisha usiku kucha na watu wataendelea kukuwashia taa kubwa. Ya kwetu inatakiwa ipande upande wa kulia. Uliza muuzaji ilitoka nchi gani kabla ya kulipa, au muombe aiwashe mbele ya ukuta.

Indiketa, au klinyota kama tunavyosema hapa, ikipepesa haraka haraka upande mmoja, balbu ya upande huo imekufa au waya wake haujarudishwa. Na kama ulibandika za LED, umeme zinaokula ni mdogo mno kwa rilei ya zamani, kile kidude kinachozipepesa.

Fyuzi inakatika ukikata kona

Waya umebanwa kati ya karenaji na kiunzi, au umepitishwa njia fupi ukivutwa na gidoni. Weka fyuzi mpya, washa, geuza gidoni mpaka mwisho kila upande polepole. Honi ikilia yenyewe, saa zikizima, umepata upande. Mimi kabla ya kuvua chochote napiga picha za simu nyingi kuliko za arusi, na kila picha ina waya ndani yake.

Kununua kipande kingine

Kuna wakati kuunga ni ukaidi. Kipande kilichopoteza masikio yake yote mawili kitafutie mwenzake. Vya ST1100 vipya ni shida, kwa hiyo ni mitumba ya Ulaya, na safari yake ni meli hadi Dar es Salaam, halafu lori hadi Kasumbalesa. Ukikosea utasubiri mara mbili, kwa hiyo soma namba. Namba za Honda zina mafungu matatu: la kwanza tarakimu tano, na karenaji nyingi huanza na 64, la katikati ndilo kabila la pikipiki, MT3 kwa ST1100, MCS kwa ST1300 iliyoifuata, la mwisho linabeba toleo na rangi. Muuzaji akikutumia picha yenye MCS na kukuambia "inaingia tu", haiingii.

Omba picha ya upande wa nyuma. Mbele kila mtu anapaka. Nyuma ndiko utakakoona kama masikio ni ya asili au yameungwa.

Na skrubu: za msalaba za Kijapani si msalaba wa bisibisi za kawaida. Zina kinukta kidogo kichwani. Bisibisi ya kawaida inapanda na kuzichuna. Saga ncha yake kidogo kwenye jiwe ikae chini vizuri. Urefu wake pia uuandike, kwa maana ndefu ikiwekwa penye fupi inaweza kwenda kutoboa rejeta.

Rangi, mwisho kabisa

Funga kila kitu bila rangi kwanza. Nenda Kipushi na kurudi, ni kilomita kama 60, ina lami na ina mashimo. Ukirudi zungukia skrubu zote tena. Acha wiki. Nyufa zilizojificha zitajitokeza, na utaziunga bila kulilia rangi.

Ndipo msasa wa 240, wa 400, rangi ya msingi ya plastiki, mastiki (ule udongo wa kujazia mabonde) laini kidogo sana. Mastiki ngumu ya magari kwenye karenaji inayopinda huruka kama ganda la yai. Rangi za kuchanganya na kigumu zina sumu ya hewani isiyozuiliwa na kitambaa. Anayepaka awe na barakoa yenye vichujio vyake, na watoto wakacheze kwa jirani.

Yangu bado haijapakwa. Kushoto ni bluu ya mtumba, kulia ni nyekundu yake ya kuzaliwa, na lile tundu la msumari nililiziba kwa mchuzi wa Lego. Skrubu iliingia kwenye tundu la zamani kwa vidole viwili, bila kusukuma.